Lita Tatu za Fleti Namba Mbili

Mguu uliibwa siku ya Jumatano, kati ya saa mbili kasoro dakika tano na saa tano na dakika kumi asubuhi. Msoma mita alikuwa na uhakika wa saa hizo kwa sababu aliziandika, na aliziandika kwa sababu hakujua kuishi bila kuandika. Miaka ishirini na miwili ya kuzunguka kusoma mita za maji za watu ilikuwa imemtia ugonjwa huo. Aliandika saa ya kutoka, saa ya kurudi, tarakimu za kila mita aliyoipita, hata namba iliyogongwa nyuma ya jokofu la nyumba ya wageni.

Dada yake aliingia kwanza kwa magongo yake mawili. Aliketi kitandani, akatazama pembeni ya kabati, kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mdogo wangu, mguu wangu uko wapi?"

Mguu wa bandia haukuwepo. Redio ilikuwepo, simu ya akiba ilikuwepo, na soksi nene ya kuvalia kigutu ilikuwa imeanikwa pale pale kwenye kiti. Kiatu cha mguu huo nacho kilikuwepo, na hapo ndipo msoma mita alipokuna kichwa. Kilikuwa kimewekwa sambamba na mwenzake chini ya kitanda, na kamba zake zilikuwa zimetolewa zote, tundu moja baada ya jingine, zikakunjwa na kuwekwa ndani ya kiatu.

"Kamba umetoa wewe jana?" dada aliuliza.

"Nilizitoa jana jioni, nikazirudisha leo asubuhi kabla hatujatoka. Niliuacha mguu umevaa kiatu."

Walikuwa wameishi katika fleti ile wiki tano. Tangazo lilisema ni nyumba tulivu ya kujipikia, pembezoni mwa jiji, yenye jiko kamili, dakika kumi kutoka karakana ya viungo bandia. Dakika kumi hizo labda zilipimwa na ndege, maana kwa magongo zilikuwa arobaini. Jiko kamili lilikuwa sufuria moja isiyo na mfuniko, vijiko viwili, na plati mbili za umeme ambazo moja ilikuwa marehemu. Kitasa cha mlango wa bafu kilibaki mkononi kila ukikivuta. Na kila ukilalamika, msimamizi wa jengo, mtu mnene mwenye upole wa kukera, alijibu neno moja, hata wageni wakampa jina hilo: Kesho.

Dada alikuwa muuguzi wa wodi. Mguu wake wa kushoto ulipondwa na gari la wagonjwa la hospitali yake mwenyewe lililokuwa likirudi nyuma, jambo ambalo yeye alilicheka kabla wengine hawajathubutu kulicheka. Barua ya mwajiri ilisema aripoti kazini Jumatatu akiwa na cheti kwamba anaweza kusimama na kupanda ngazi, la sivyo nafasi yake ipewe mwingine. Jaribio la kupata cheti hicho lilikuwa Ijumaa saa tatu. Jumatano ile alipumzishwa mguu kwa sababu kigutu kilichubuka, akaenda zahanati kwa magongo kufungwa kidonda. Kutengeneza mguu mwingine kungechukua siku tisa kwa bakuli peke yake, na bakuli, yaani kile kikombe kinachoingia kigutu, hufinyangwa kwa kipimo cha mtu mmoja tu.

Msoma mita alitoka akaenda ukumbini. Mita nne za maji zilikuwa zimepangwa ukutani chini ya ngazi, na mikono yake ilikwenda kwenye daftari yenyewe. Fleti namba moja, yao: haikusogea tangu aisome asubuhi. Namba mbili: imesogea lita tatu. Namba tatu, ghorofani: lita tisa. Namba nne, iliyofungwa tangu choo chake kipasuke: haikusogea. Aliitazama mishale midogo kwa dakika kumi nzima, aone kama kuna bomba linalovuja. Hakuna uliotikisika. Aliandika, akafunga daftari, na kwa hasira aliyokuwa nayo akaenda kumtafuta Kesho badala ya kufikiri.

Mlango haukuvunjwa. Kila fleti ilikuwa na kisanduku cha ufunguo ukutani, unabonyeza tarakimu kinafunguka. Tarakimu za visanduku vyote zilikuwa moja, mbili, tatu, nne. Msoma mita alikuwa ameomba zibadilishwe tangu siku ya kwanza, na jibu lilikuwa lile lile.

"Kwa hiyo kila aliyewahi kulala humu anaweza kuingia kwangu," alimwambia Kesho.

"Wageni wetu ni watu waungwana," Kesho alisema.

"Mwungwana gani anaiba mguu?"

Kesho alitafakari. Halafu akasema kuwa tangu saa mbili alikuwa juu ya paa na fundi bomba, wakibishana juu ya boya la tangi. Fundi bomba bado alikuwa huko juu na bado alikuwa anabishana, akathibitisha kila kitu bila kuulizwa mara mbili. Msoma mita alishuka ngazi akiwa amempoteza mshukiwa wake wa kwanza na nusu saa.

Polisi nako hakukuwa na nafuu. Askari wa zamu aliandika maelezo polepole, akauliza kama mguu huo ulionekana ukiondoka wenyewe, akacheka peke yake, kisha akasema mpelelezi atakuja kesho. Msoma mita alisikia neno hilo akatamani kung'ata meza.

Aliporudi alipanda moja kwa moja hadi namba tatu. Huko aliishi mwoka mikate, anayefanya kazi usiku na kulala mchana. Mara tatu alikuwa ameshuka na macho mekundu kulalamika, kwani mazoezi ya dada, ngo, ngo, ngo sakafuni, yalimwamsha. Mara ya tatu alisema wazi kwamba siku moja ataukamata mguu huo autupe jalalani.

"Ulisema, na umefanya," msoma mita alimwambia mlangoni.

Mwoka mikate alikuwa na unga kwenye nyusi. Hakukasirika, alichoka tu. "Mzee wangu, nimesema mengi. Leo nimelala kama mtoto. Niliamka mara moja tu kwenda haja, saa nne hivi, nikarudi kulala. Ingia utafute."

Msoma mita aliingia, akatafuta hadi ndani ya tanuri, na aibu ikampanda taratibu huku akiinua mto wa mtu. Lita tisa ni choo kuvutwa mara moja. Hakuna aliyejua hilo kuliko yeye. Daftari lilikuwa limemwambia tangu saa tano na ishirini kwamba mtu huyu alilala, naye akapita akalipuuza. Aliomba radhi. Mwoka mikate alimpa mkate wa jana na kumwomba afunge mlango polepole.

Basi akaketi jikoni, akafanya kile alichopaswa kufanya mwanzo. Lita tisa zilikuwa na mwenyewe. Je, lita tatu?

Fleti namba mbili ilikuwa ya fundi baiskeli na mkewe. Walikuwa humo miezi miwili, kwa shughuli ile ile. Mke naye alipoteza mguu wa kushoto, chini ya goti. Yeye na dada walikuwa wameshibana, wakiketi pamoja kila siku kwenye kasha la mbao mlangoni mwa karakana, kwa sababu mabenchi hayatoshi na makasha yamejipanga tu ukutani. Fundi na mkewe walikuwa wametoka saa moja na nusu asubuhi. Aliwaona kwa macho yake, aliwaaga, dakika ishirini na tano kabla hajasoma mita. Nao walirudi saa sita. Kati ya hapo fleti ile ilikuwa tupu, na bomba lake lilifunguliwa.

Jioni, saa kumi na mbili, alibisha hodi kuazima chumvi. Mke wa fundi alimkaribisha kwa huzuni, akamuuliza hali ya dada kama mtu aliyefiwa. Fundi mwenyewe alikuwa amekaa pembeni akifuta cheni ya baiskeli kwa kitambaa, akasema pole mara moja na hakuongeza.

"Shemeji, leo karakana ilikuwaje?" msoma mita alimuuliza mke.

"Kama kawaida. Wangu umeshakamilika, umebaki unyayo tu. Mzigo wa nyayo haujafika, wananiambia subiri. Nilikaa kwenye kasha langu mpaka makalio yakafa ganzi."

"Na bwana alikuwa nawe kutwa?"

"Aliniacha saa mbili na nusu akaenda kutafuta cheni, akanirudia saa tano na nusu." Alisema hivyo bila wasiwasi wowote, kama mtu asiye na la kuficha. Fundi aliendelea kufuta cheni iliyokwisha kung'aa.

Msoma mita alirudi kwake na chumvi asiyoihitaji. Alimweleza dada yake yote, na dada akamkatalia katakata.

"Yule bwana? Aliyenibeba mgongoni siku ile ya mvua? Na hata kama, mguu wangu autumie wapi? Bakuli langu halimwingii mkewe. Mimi mnene, yeye kijiti."

"Hapo ndipo ninapokwama," alisema.

"Unatafuta mtu wa kumkasirikia. Ulianza na Kesho, ukaenda kwa mwoka mikate. Kesho kutwa utanishuku mimi." Aligeukia ukuta. Baadaye kidogo alisema bila kugeuka, "Ijumaa sitapata cheti, eti?"

Alhamisi saa tatu alikwenda karakana peke yake. Fundi viungo alikuwa akisugua bakuli la mtu kwa msasa, vumbi jeupe limemjaa hadi kwenye kope. Msoma mita alimuuliza swali aliloamka nalo: mtu akiiba mguu wa mwenziwe, ataufanyia nini?

"Hakuna. Bakuli ni la mwenyewe."

"Na unyayo?"

Fundi viungo aliacha kusugua. "Unyayo ni kama gurudumu. Ukilingana namba unafunga popote. Boliti moja tu, inaingilia chini kisiginoni." Akaonyesha kwa kidole ubao ukutani, ulioandikwa kwa chaki: *Nyayo za kushoto, namba 24, zimekwisha*. "Hiyo ndiyo ya dada yako. Ndiyo pia ya jirani yenu, ila yeye kabahatika. Mumewe kaleta wake leo asubuhi, anasema ndugu yao kaununua mbali. Nimeshaufunga, wameondoka kama robo saa iliyopita."

Msoma mita aliomba aketi. Alipoketi alikumbuka kamba za kiatu. Somo la kwanza ambalo mwalimu wa mwendo huwafundisha wagonjwa na jamaa zao ni hilo: unyayo huu haukunji vidole, ukivuta kiatu hakitoki, toa kamba yote kwanza, tundu kwa tundu. Mwizi wa kawaida angechukua mguu na kiatu chake akakimbia, au angevuta hadi akate tamaa. Aliyetoa kamba zile alikaa darasani. Katika jengo zima waliokaa darasa lile walikuwa wanne, na wawili walikuwa yeye na dada yake.

Alasiri saa kumi alibisha hodi namba mbili. Safari hii dada alikuwa nyuma yake kwa magongo, na nyuma ya dada alikuwa Kesho, aliyeambiwa alete ufunguo wa namba nne, fleti pekee tupu ya kufichia kitu, na kwa maajabu akauleta siku hiyo hiyo.

Mke wa fundi ndiye aliyefungua mlango. Alifungua akiwa amesimama kwa miguu miwili, bila gongo, uso umejaa furaha hadi akaona haya mbele ya dada. "Dada yangu, nilikuwa nataka kuja kukuambia, nikaogopa. Nimepata. Nimetembea hatua kumi na nne."

Dada alimkumbatia.

"Bwana fundi," msoma mita alisema, "jana kati ya saa mbili na saa tano, nani alifungua bomba lako?"

"Hatukuwepo." Fundi hakuinua macho.

"Mita inasema lita tatu zimetoka. Si choo, choo ni tisa. Si kuoga. Lita tatu ni mtu mwenye grisi mikononi ananawa. Na halivuji, nimelitazama dakika kumi."

"Mita zinakosea."

"Zinakosea. Ndiyo maana sikuja na mita peke yake." Alifungua daftari kwenye ukurasa wa wiki tatu nyuma. "Siku dada alipokabidhiwa mguu niliandika namba zake zote. Ni mazoea tu, nilikuwa nimetoka kuandika za jokofu. Chini ya unyayo imegongwa sita, moja, nane, nne, saba. Shemeji, nisamehe sana. Naomba uketi utuonyeshe unyayo."

Mke aliwatazama mmoja mmoja, na furaha ikamtoka usoni kidogo kidogo. Aliketi, akavua kiatu mwenyewe, akitoa kamba yote kama alivyofundishwa. Aliinama kusoma, akasoma kwa sauti tarakimu moja moja. Ya mwisho ilikuwa saba.

Fundi baiskeli aliweka kitambaa chini. "Namba ile niliiona," alisema. "Nikadhani ni ya aina, kama kwenye tairi. Tairi zote za saizi moja zina namba moja."

Baada ya hapo alisema yote, kwa sauti ndogo, akimwelekea mkewe na si wao. Jumapili mkewe alikuwa amemwambia kwamba ikipita Ijumaa hii bila mguu amrudishe nyumbani, amechoka kuambiwa subiri, na hataondoka tena. Alikuwa ameacha kula. Jumatano asubuhi, pale kwenye kasha, alimsikia akimwambia mgonjwa mwenzake kwamba labda ni heri angekufa chini ya lile lori lililomponda mguu. Fundi akaaga kwenda kutafuta cheni. Alijua dada yuko zahanati na mguu umebaki. Alitaka unyayo tu, auache mguu pale pale. Alikuwa ameshavua kiatu na kushika spana, mara huko juu choo kikavutwa, akabeba mguu mzima akakimbilia kwake. Huko akafungua boliti, akanawa, akaufunga mguu uliobaki kwenye taulo na kuuficha namba nne, ambayo kisanduku chake nacho kilifunguka kwa moja, mbili, tatu, nne.

"Ningeurudisha mzigo ukifika," alisema. "Nilijiambia yeye ni muuguzi, ana mwajiri, hawatamwacha. Watamtengenezea mwingine haraka."

"Na kiatu ulikiachia nini?" dada alimuuliza.

"Kiatu ni chako."

Dada alicheka kwa uchungu, kicheko kifupi. "Hao unaosema hawataniacha wameshaniandikia barua. Ukisubiri miezi miwili humu unaona kama ni wewe peke yako duniani unayesubiri. Mimi je? Ungeniuliza, ningekwambia."

Mke alimnyooshea fundi mkono, kiganja juu. Fundi hakuelewa, kisha akaelewa, akamwekea spana ndogo kiganjani. Mke aliingiza spana kisiginoni, akafungua boliti mwenyewe, akamkabidhi dada unyayo kwa mikono miwili. Kwa mumewe hakutamka hata neno. Kesho alikwenda namba nne akarudi na mguu umefungwa kwenye taulo, akatamka kwamba taulo hilo amelitafuta siku mbili.

Habari ya polisi ilikuwa juu ya dada. Alisema Jumatatu yuko kazini, hana muda wa kusimama mahakamani. Lakini alimtaka fundi aende karakana Ijumaa akaseme mwenyewe alichofanya, kwa mdomo wake, na mkewe aje pia.

Ijumaa saa tatu walifika wote wanne, wakitembea kwa kuachana. Fundi baiskeli alimweleza fundi viungo ukweli, kisha akatoka kusimama nje ya geti, kwa kuwa hakuna aliyemwambia abaki. Dada aliitwa. Alipanda mteremko, akashuka, akapanda ngazi kumi na mbili bila kushika ukuta, huku uso umekunjamana kama anayembana mgonjwa mkaidi.

Mke wa fundi alitaka kumwona akishuka, na kutoka kwenye kasha lake hakuona vizuri. Msoma mita alimwomba ainuke kidogo, akalivuta kasha mbele. Lilikuwa zito kuliko alivyotarajia. Upande uliokuwa umeelekea ukutani ulikuwa na karatasi, na msoma mita hajawahi kupita karatasi yenye tarakimu bila kuisoma. *Nyayo, kushoto. 23, 24, 25. Vipande ishirini.* Na tarehe ya kupokelewa, iliyokuwa siku kumi na tisa nyuma.

Alisoma mara ya pili. Halafu akamwita fundi viungo, naye akamwita mtunza stoo, naye akaja akasema kweli mzigo ulifika, ila mkaguzi hajaupiga muhuri, na bila muhuri haumo kwenye vitabu, na usipokuwemo kwenye vitabu haupo. Mkaguzi ameahidi kuja kesho.

Mke wa fundi alisimama kwa magongo akilitazama kasha alilolikalia wiki karibu tatu. Mtunza stoo alijaribu kulirudisha ukutani, lakini dada, cheti mkononi, alikuja akasimama mbele yake kwa miguu yake miwili na kumwambia ajaribu tena.

Kasha lilikuwa limekazwa kwa boliti nane. Mke wa fundi aligeuza uso kuelekea geti, akamwita mumewe kwa mara ya kwanza tangu jana.

"Njoo," alisema. "Njoo na spana zako."